Wimbo Mmoja, Mkono Mmoja, Nyakati Mbili

Liko neno ambalo kila mwalimu wa kwaya hulisikia kwa waimbaji wake: "Wimbo umekwisha andikwa. Noti ni hizi hapa, nasi kazi yetu ni kuzifuata tu." Neno hilo lina kweli ndani yake, maana asiyefuata noti hupotea na kuwapoteza wenzake. Walakini si kweli kamili. Kama noti peke yake ndizo wimbo, basi mtu mmoja akiongoza wimbo mmoja mara mbili, tungesikia kitu kimoja mara mbili. Nataka kulipima neno hilo kwa mambo yaliyotokea kweli katika nchi ya Ujerumani. Huko kiongozi mmoja mashuhuri aliongoza kazi ya mtunzi mmoja mashuhuri katika siku za giza, kisha akaiongoza tena giza lilipokwisha pita. Mara zote mbili sauti zilinaswa, hata leo twaweza kuzisikia na kuzilinganisha.

Mtunzi huyo ni Ludwig van Beethoven. Alizaliwa katika mji wa Bonn mwaka 1770, akafa katika mji wa Vienna mwaka 1827. Alitunga simfoni tisa. Simfoni ni kazi ndefu ya okestra, yaani ya kundi kubwa la wapiga fidla, zumari, tarumbeta na ngoma, na kwa desturi huwa na sehemu nne, kila sehemu na mwendo wake. Alipoitunga ile ya tisa masikio yake yalikuwa yamekwisha kuziba. Siku ilipopigwa mara ya kwanza, tarehe 7 Mei 1824, alikuwapo mbele ya watu huko Vienna. Na yasimuliwa ya kwamba mwimbaji mmoja mwanamke alimgeuza awatazame watu waliokuwa wakishangilia, maana yeye hakuwasikia.

Mwanzo wa simfoni hiyo hunong'ona kama mtu apapasaye gizani, kisha ghafula hushuka kwa kishindo. Sehemu ya pili hukimbia, na ngoma huikatiza mara kwa mara. Ya tatu huenda polepole kama maombi ya jioni. Katika sehemu ya nne okestra hukumbuka sehemu tatu zilizotangulia, ikaziacha moja baada ya moja. Ndipo fidla kubwa za sauti ya chini kabisa zinapoanza tuni nyepesi, pole pole, bila msaada wa chombo kingine. Baadaye mtu husimama akaimba, na kwaya nzima ikamfuata. Maneno waimbayo ni ya mshairi Friedrich Schiller, aliyeyaandika mwaka 1785 kuisifu furaha, na kuitazamia siku ambayo wanadamu wote watakuwa ndugu. Tuni ile hupanda na kushuka ngazi kwa hatua ndogo, hata mtoto aweza kuishika. Kwa sababu hiyo imeingizwa katika vitabu vingi vya nyimbo za kanisa. Huenda wewe msomaji umekwisha kuiimba pasipo kujua imetoka wapi.

Sasa tumtazame kiongozi. Katika okestra yuko mtu asimamaye mbele na kijiti mkononi. Hapigi chombo chochote, wala haimbi. Walakini yeye ndiye atoaye mwendo, ndiye asemaye nani apaze na nani anyamaze. Wilhelm Furtwängler alizaliwa Berlin mwaka 1886. Mwaka 1922 alipewa kuiongoza okestra kubwa ya mji huo, iitwayo Berlin Philharmonic. Mkono wake haukuwa mwepesi kufuatwa. Kijiti chake kilitetemeka hewani kabla ya kushuka, wala wapigaji hawakupata alama kali ya kuanzia; iliwapasa kusikilizana wao kwa wao na kuingia pamoja. Kwa hiyo sauti yao haikuanza kwa mkato kama shoka, bali iliinuka kama maji ya mto yajaapo. Tena hakupenda kushika mwendo mmoja tangu mwanzo hata mwisho. Aliuvuta na kuulegeza kwa kadiri alivyoona maana ya wimbo inavyotaka.

Beethoven mwenyewe aliandika mwendo wa simfoni zake kwa hesabu ya metronomu, chombo cha kupimia mapigo kwa dakika. Mwanzo wa sehemu ya tatu ya Simfoni ya Tisa aliandika mapigo 60 kwa dakika. Kiongozi Mwingereza Roger Norrington, katika santuri aliyoitoa mwaka 1987, alizifuata alama hizo, na sehemu ile ikamalizika kwa dakika kama 11. Furtwängler aliifanya iwe kama dakika 19 na nusu. Tazama tofauti iliyoje! Noti hazikuongezwa hata moja, wala hazikupunguzwa. Lakini mmoja amekwisha fika nyumbani na kuketi, na mwingine angali njiani akitazama nyota. Sitaki kusema ni yupi mwenye haki. Alama za mtunzi zastahili heshima. Nataka tukumbuke tu ya kwamba karatasi haisemi yote.

Furtwängler hakuzipenda sana santuri. Kwake wimbo ulikuwa kitu kizaliwacho mbele ya watu, kikafa, kikazaliwa tena siku nyingine. Lakini watu wa redio walimnasa sauti mara nyingi akiwa mbele ya wasikilizaji, na kwa Simfoni ya Tisa peke yake zimesalia santuri si chini ya nane. Zamani mtu wa kijijini asingaliweza kuzipata. Siku hizi simu ya mkononi huchukua kazi hizo zote, na mwenye subira aweza kuketi chini ya mwembe akasikia Berlin ya mwaka 1942.

Tuanze na hiyo. Ilikuwa mwezi wa Machi 1942, katika ukumbi wa zamani wa Philharmonie mjini Berlin. Ulaya ilikuwa vitani. Ujerumani ilitawaliwa na Adolf Hitler na chama chake, ambao walikuwa wamewanyang'anya Wayahudi kazi zao, nyumba zao na haki zao, na sasa walikuwa wakiwaua. Miezi miwili tu kabla ya hapo, tarehe 20 Januari 1942, wakubwa wa serikali hiyo walikutana katika nyumba moja kando ya ziwa la Wannsee, pembeni mwa mji ule ule wa Berlin, wakapanga jinsi ya kuwamaliza Wayahudi wote wa Ulaya. Basi katika mji huo, mwaka huo, okestra na kwaya walisimama wakaimba ya kwamba wanadamu wote watakuwa ndugu.

Sauti zilinaswa juu ya utepe wa sumaku, ufundi uliokuwa mpya siku zile. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Warusi walizichukua tepe nyingi za redio ya Berlin hata Moscow, wakatoa santuri kwao. Na nakala zake zilirudishwa Berlin mwaka 1987 tu. Ukumbi wenyewe haupo tena: mabomu yaliuteketeza tarehe 30 Januari 1944. Wengi wa walioketi ndani yake wamekufa. Pumzi yao na kikohozi chao vimesalia kwenye utepe.

Je, sauti yenyewe ikoje? Katika sehemu ya kwanza kuna mahali ambapo wimbo wa mwanzo, ule uliokuwa ukinong'ona, hurudi kwa nguvu zote. Mahali hapo ngoma za shaba hunguruma bila kukoma. Katika utepe wa 1942 ngoma hizo huzidi vyombo vyote, hata mtu hudhani jengo linaanguka. Si sauti ya ushindi. Ni sauti ya hofu. Kisha sehemu ya tatu huja polepole mno, kana kwamba wapigaji hawataki iishe, kwa kuwa wanajua kilichoko nje ya mlango. Na mwisho wa yote, pale panapopasa kuwa furaha, kwaya hupaza kama watu wapigao yowe, na okestra hukimbia mbio ambazo sijasikia mfano wake. Mtunzi aliandika mwendo wa haraka sana, ni kweli; lakini hapa haraka yenyewe ina kitu cha kutisha.

Mwezi uliofuata, tarehe 19 Aprili 1942, Furtwängler aliiongoza tena kazi hii katika sherehe ya siku ya kuzaliwa kwake Hitler. Picha za sinema zimebaki. Bendera za chama zimetundikwa, askari waliojeruhiwa wameketi mbele, na wimbo ulipokwisha, waziri Joseph Goebbels anainuka na kumpa kiongozi mkono. Mtu atazamapo picha hiyo hawezi kusema tena kwamba wimbo ni noti tu. Noti ni zile zile za mwaka 1824, walakini zimetandikwa kama zulia ili mwovu apite juu yake.

Hapa ndipo linapozuka swali ambalo limewagawanya watu tangu siku zile hata leo: je, Furtwängler alikuwa mtu wa namna gani? Ni haki tuyaweke mambo yote mezani. Hakujiunga na chama cha Hitler. Mwezi wa Aprili 1933 aliandika barua kwa Goebbels, ikatiwa gazetini, akiwatetea wanamuziki Wayahudi. Hata hivyo barua hiyo haikuikataa chuki yote. Iliwatetea hasa wale waliokuwa mafundi hodari. Mwaka 1934 alimtetea mtunzi Paul Hindemith aliyechukiwa na serikali, akajiuzulu kazi zake mwezi wa Desemba. Aliwasaidia watu kadhaa waliokuwa hatarini, na wengine walimshuhudia baadaye. Lakini mwaka 1935 alirudi kuongoza, akaendelea karibu mpaka mwisho wa vita, hata mwanzoni mwa 1945 akaenda Uswisi. Wenzake wakuu, kama Bruno Walter na Otto Klemperer, ambao walikuwa wa uzao wa Kiyahudi, walikwisha fukuzwa. Mwitalia Arturo Toscanini, ambaye si Myahudi wala hakulazimishwa na mtu, alikataa mwaka 1933 kwenda Bayreuth kuongoza katika nchi yenye mambo hayo. Na huko kwao, mwaka 1931, alikwisha pigwa mjini Bologna kwa kuwa alikataa kupiga wimbo wa chama kilichotawala Italia. Furtwängler alibaki. Yeye alisema amebaki ili kuulinda muziki wa Kijerumani kwa ajili ya wale wasioweza kuondoka.

Sisi tusomao Biblia tunayo mifano ya mambo haya. Obadia alikuwa msimamizi wa nyumba ya mfalme Ahabu, tena aliwaficha manabii 100 pangoni na kuwalisha. Naamani alimwambia Elisha mapema ya kwamba itampasa kuinama pamoja na bwana wake katika nyumba ya Rimoni, akaomba asamehewe kwa neno hilo. Lakini kiko na kisa cha tatu, nacho chatuhusu sisi wa kwaya kuliko vingine. Nebukadreza aliposimamisha sanamu yake ya dhahabu, aliagiza baragumu, zumari, kinubi na kila namna ya vyombo vipigwe, ili watu waanguke na kuisujudia. Twakumbuka vijana watatu waliokataa kuinama. Ni nani awakumbukaye wapigaji? Walikuwako. Huenda walikuwa mafundi hodari, na huenda wengine wao hawakuiamini sanamu hata kidogo. Lakini pasipo wao, watu wasingalijua saa ya kuinama.

Basi mimi namwona Furtwängler akisimama kati ya Obadia na wapigaji hao. Aliwaficha wachache, na huku akapiga baragumu. La kwanza halifuti la pili, wala la pili halifuti la kwanza. Wako wampendao ambao hulisema la kwanza tu, na wamchukiao hulisema la pili tu. Mizani ya haki hubeba vyote viwili.

Baada ya vita baraza lilimhoji Berlin, mwezi wa Desemba 1946, na mwaka 1947 akaruhusiwa kuongoza tena. Ukumbi wao ukiwa majivu, okestra ilikuwa ikipigia katika nyumba ya sinema iitwayo Titania-Palast. Hapo mwezi wa Mei 1947 aliirudia kazi yake kwa nyimbo za Beethoven tupu. Yehudi Menuhin, mpiga fidla Myahudi mwenye sifa duniani, alipiga pamoja naye mwaka huo huo, akalaumiwa na wengi. Miaka michache baadaye, okestra ya Chicago ilipotaka kumwita, wanamuziki wakubwa kadhaa walisema hawatapiga tena na okestra hiyo kama yeye atakuja, na mwito ukafutwa mwaka 1949. Hivyo ndivyo watu walivyogawanyika.

Sasa tuje kwenye santuri ya pili. Tarehe 29 Julai 1951 nyumba ya michezo ya Bayreuth ilifungua tena sikukuu yake ya muziki. Nyumba hiyo ilijengwa na mtunzi Richard Wagner, na jiwe lake la msingi lilipowekwa, mwezi wa Mei 1872, Wagner mwenyewe aliongoza Simfoni ya Tisa katika mji ule. Lakini baadaye Hitler aliipenda nyumba hiyo, akawa rafiki wa jamaa wa Wagner na mgeni wa kila mwaka. Kwa hiyo mwaka 1951 ilikuwa nyumba iliyohitaji kutakaswa, na watu wakachagua kazi ile ile iliyopigwa siku ya jiwe la msingi, wakamwita Furtwängler aiongoze. Miongoni mwa waimbaji wanne waliosimama mbele, mwenye sauti ya pili alikuwa Elisabeth Höngen. Yeye pia ndiye aliyeimba sauti ya pili Berlin, Machi 1942. Basi si mkono wa kiongozi tu uliokuwa ule ule. Hata koo moja ilikuwa ile ile.

Walakini wimbo si ule ule. Mwanzo wake hautishi. Ni kama ukungu wa asubuhi usiojua bado kama kutakuwa na jua. Ngoma za sehemu ya kwanza zanguruma, lakini sasa ni radhi ya mbali, mtu aweza kuisikiliza akiwa ndani ya nyumba. Sehemu ya tatu ni ndefu kama zamani, ile ya dakika 19 na nusu. Lakini si urefu wa mtu aogopaye kutoka nje. Ni urefu wa mgonjwa aliyepata nafuu, aketiye kibarazani bila haraka. Zile fidla kubwa zinapoianza tuni ya furaha, kwanza pana kimya kirefu, kisha sauti hutoka chini sana, hata mtu hutega sikio akidhani simu imezimika. Furaha haiji kwa kupiga mlango. Yauliza kwanza kama yaruhusiwa kuingia.

Mahali pamoja napenda kupalinganisha zaidi ya pengine. Katika sehemu ya nne kwaya hupanda mpaka neno Mungu, na juu ya neno hilo mtunzi ameandika alama ya kushikilia sauti, pasipo kusema kwa muda gani. Hiyo ni ruhusa aliyopewa kiongozi. Wengi hushikilia kwa pumzi moja ya kawaida, wakaenda. Furtwängler alishikilia muda mrefu kuliko wote niliowasikia, mwaka 1942 na mwaka 1951 pia. Katika ile ya Berlin neno hilo hunijia kama watu waliozingirwa wakiita msaada. Katika ile ya Bayreuth hunijia kama watu waliosimama mbele ya mtu waliyemkosea, wasijue waseme nini zaidi ya kulitaja jina lake. Neno ni moja, sauti ni moja, alama ni moja.

Tusidhani kwamba ile ya 1951 imekamilika pasipo doa. Pembe hukosea mahali, na mwisho kabisa kiongozi huwasukuma wapigaji mbio hata karibu waachane. Toscanini, ambaye kwake Simfoni ya Tisa huchukua kama dakika 65 na kwa Furtwängler hupita 74, asingaliyavumilia hayo. Okestra yake ilikwenda pamoja kama askari wa gwaride. Mtu atakaye kujifunza noti zilivyoandikwa amsikilize Toscanini. Tena ni vema kukumbuka kwamba ndiye aliyekataa. Usafi wa wimbo wake na usafi wa uamuzi wake havikuwa mbali.

Furtwängler aliiongoza kazi hii mara ya mwisho tarehe 22 Agosti 1954, mjini Lucerne katika Uswisi, akiwa na okestra ya Philharmonia ya London. Tarehe 30 Novemba mwaka huo alifariki. Katika santuri hiyo ya mwisho hakuna hofu tena, wala kuomba ruhusa. Ni mzee atembeaye shambani mwake akilitazama kila jani.

Lakini msomaji mwenye akili ataniuliza: "Mwalimu, je, hayo umeyasikia kweli, ama umeyajua kwa kuwa miaka umekwisha isoma?" Ni swali jema. Kwa ajili yake niliwasikilizisha waimbaji kumi wa kwaya yetu mwisho wa kazi hii mara mbili, bila kuwatajia mwaka wala mahali. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alisema juu ya ile ya 1942, "Hawa wanakimbia nyumba iwakayo." Kijana mmoja alisema ndiyo aipendayo, kwa kuwa ina nguvu. Watatu walisema hawaoni tofauti ila kelele za utepe. Waliobaki waliichagua ile ya 1951, lakini sababu zao hazikupatana. Kwa hiyo sitadai ya kwamba sauti peke yake hueleza historia. Ninalosema ni hili: sauti hubeba, na ujuzi hufungua mzigo. Nilipokwisha waambia miaka na mambo yake, yule kijana alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Basi, kumbe nguvu ile ilikuwa ya nini?" Sikumjibu upesi, maana swali lake ndilo somo lenyewe.

Wala tusifikiri ni mambo ya Wazungu na vita vyao tu. Katika Afrika yetu, serikali ya walowezi wachache wa Rhodesia, iliyowanyima Waafrika walio wengi haki zao, iliichagua tuni hii hii mwaka 1974 iwe wimbo wa taifa lao, ikadumu hivyo mpaka 1979. Na kwa upande mwingine, Jumuiya ya Ulaya iliitwaa mwaka 1985 iwe ishara ya mataifa yaliyopigana kuwa ndugu. Tuni haikubadilika. Wimbo hauna mlinzi mlangoni. Kila mtu aweza kuuchukua na kuuvisha nguo zake.

Kwa hiyo, ndugu zangu walimu na viongozi wa kwaya, nimepata mambo matatu katika kulinganisha huku. La kwanza: tufundishe noti kwa bidii, lakini tusiishie hapo. Mwimbaji na ajue maneno yake yana maana gani, na kwa nini pale anyamaze na pale ashikilie. La pili: tusione haya kuirudia kazi tuliyoiimba zamani. Kwaya iliyozika wazee wake, iliyopita njaa na kurudi, haitaiimba tenzi ile ile kama ilivyoiimba zamani, wala haifai kulazimishwa. La tatu, nalo ni zito kuliko yote: tuitwapo kuimba, tuulize tumeitwa na nani na kwa kazi gani. Kwaya zetu huitwa mbele ya wakubwa, na kuitwa si dhambi. Danieli naye alisimama mbele ya wafalme. Lakini iko siku wimbo mzuri hutakiwa uwe nguo ya kufunika maiti. Siku hiyo uzuri wa sauti hautatutetea, bali utazidisha hatia, kwa maana nguo ikiwa nzuri zaidi, watu hawatauliza kilichoko chini yake.

Mungu atujalie waimbaji wenye sauti njema. Zaidi ya hayo atujalie viongozi wajuao saa ya kuinua kijiti, na saa ya kukiweka chini.